Kuhifadhi nakala za simu janja: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Dodoma

Maswali haya yametoka mezani kwa fundi. Wanaoyauliza ni wakazi wa Majengo, Nkuhungu na Kisasa, wanafunzi wa UDOM, na watu waliopanda basi asubuhi kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni wakiwa na simu mfukoni isiyowaka. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Jambo moja litajirudia: mara nyingi nakala ya mtu ipo salama kabisa, ila ufunguo wa kuifungua ndio haupo. Ukikosa muda wa kusoma yote, soma swali la 6.

## Ya msingi

1. Nakala rudufu ni nini hasa?

Ni nakala ya pili ya vitu vyako, iliyokaa mahali pengine nje ya simu. Mtaani wengi huiita bakapu. Cha kushika hapo ni maneno "mahali pengine". Ukihamisha picha kutoka folda moja kwenda folda nyingine ya simu ileile, hujahifadhi nakala. Simu ikichukuliwa kwenye msongamano wa stendi, folda zote mbili zimeondoka pamoja.

2. Simu si inahifadhi yenyewe?

Inahifadhi kiasi, tena kama umeiruhusu. Kwenye Android kuna swichi tatu tofauti, na wengi wamewasha moja wakaamini wamewasha zote.

Ya kwanza ni ya simu yenyewe. Iko ndani ya Mipangilio, sehemu ya Google. Hupeleka kwenye akaunti yako orodha ya programu, mipangilio, meseji za kawaida, kumbukumbu za simu ulizopiga na kupokea, na taarifa za baadhi ya programu. Nafasi ya kila programu ni MB 25 tu, na aliyeitengeneza ndiye anayeamua kama ataitumia. Ndiyo maana kwenye simu mpya programu zote zinarudi, lakini nyingine zinafunguka tupu kama hujawahi kuzitumia. Programu yenyewe haina haja ya kuhifadhiwa, utaipakua tena Play Store. Cha kuhangaikia ni ulichoweka ndani yake.

Swichi ya pili ni ya picha na video, nayo iko ndani ya Google Photos. Ya tatu iko ndani ya WhatsApp (swali la 10). Zote tatu huwashwa mojamoja.

Mwenye iPhone anatumia iCloud, ambayo hutoa GB 5 bure.

3. Ni vitu gani huachwa nyuma?

Hili ninalijibu kwa uchungu. Niliwahi kumrekodi bibi yangu akisimulia kwa Kigogo jinsi walivyohama na mifugo wakati wa njaa, majina ya visima, nani alizaliwa mwaka wa mvua gani. Jioni nne, sauti tupu, kwenye programu ya kurekodi. Google Photos ilikuwa imewashwa, nikajua nimehifadhi kila kitu. Simu ilipotumbukia kwenye pipa la maji, picha zote za bibi zilirudi. Sauti yake haikurudi hata dakika moja, kwa sababu Google Photos hubeba picha na video tu.

Basi angalia hivi kwa jicho lako: sauti ulizorekodi, PDF na nyaraka zilizo kwenye folda ya vilivyopakuliwa, muziki, na madaftari ya programu zisizo na akaunti. Hivyo upeleke mwenyewe Google Drive, au kwenye flashi (swali la 9). Folda za picha nazo zina swichi zake. Kwa kawaida ile ya kamera ndiyo huenda yenyewe. Picha zilizoingia kwa WhatsApp na zile za kioo chenyewe (screenshot) husubiri uruhusu folda zake.

4. Fundi, namba si zipo kwenye laini?

Inategemea ulizisevu wapi. Laini hubeba namba chache, aghalabu 250, jina fupi na namba moja kwa kila mtu. Haina picha wala namba ya pili. Laini ikipotea ukapewa mpya yenye namba yako ileile, majina yaliyokuwa kwenye ile ya zamani hayaji nayo.

Fungua programu ya majina, tafuta sehemu ya kuingiza, chagua laini, kisha yapeleke yote kwenye akaunti ya Google. Toka hapo kila jina jipya lisevu kwenye akaunti hiyo. Vilevile unaweza kuyatoa yote kama faili moja ambalo jina lake huishia na .vcf na kujitumia kwa barua pepe. Ni faili dogo, halili bando la maana.

5. GB 15 za Google zimejaa. Nilipe?

Kabla ya kulipa, angalia kilichojaza. Hizo GB 15 zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp za Android nazo zimeanza kuhesabiwa humo. Zamani hazikuhesabiwa. Hata picha za ubora uliopunguzwa zilikuwa bure bila kikomo hadi tarehe 1 Juni 2021.

Kwa wateja wetu wengi mzigo ni video: klipu za magrupu ya harusi na misiba ambazo mtu alishatazama zamani. Ndani ya WhatsApp unaweza kuzima video zisiingie kwenye nakala. Kisha kwenye Photos chagua ubora uliopunguzwa, unatosha kabisa kwa picha za familia. Ikiwa bado haitoshi na kazi yako ni ya picha, hapo kulipia nafasi kuna maana.

6. Simu mpya inataka akaunti ya zamani, na siikumbuki. Aliifungua kijana wa dukani.

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linamkuta mtu ambaye vitu vyake havijapotea. Viko kule, vimekamilika, na hana njia ya kuvifikia.

Hali huwa hivi. Mtu ananunua simu, muuzaji anamfungulia akaunti haraka kwa jina lolote na nywila anayoijua yeye, ili Play Store ifanye kazi. Miaka mitatu picha zinapanda kwenye akaunti hiyo. Siku simu inaibwa, mwenyewe hajui hata barua pepe yake inaanzaje. Au akaunti anaijua, lakini namba iliyowekwa ya kurejeshea ni laini aliyoiacha. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na kampuni inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo.

Fanya haya leo simu ikiwa bado nzima:

Fungua Mipangilio, gusa Google, soma barua pepe iliyoandikwa juu na uinakili kwenye daftari la nyumbani. Ingia sehemu ya usalama wa akaunti, uweke nywila mpya unayoijua wewe peke yako. Hakikisha namba ya kurejeshea ni laini unayoitumia sasa, iliyosajiliwa kwa jina lako. Ongeza barua pepe ya pili, ya mtu unayemwamini. Kisha andika nywila hiyo kwenye karatasi uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati za kiwanja. Najua wengi mmeambiwa msiandike nywila popote. Kwa uzoefu wa meza hii, watu waliofungiwa nje na nywila waliyoisahau ni wengi kuliko walioibiwa karatasi kutoka kwenye sanduku la nyaraka.

Kama simu ya zamani bado inawaka na imeingia kwenye akaunti hiyo, usiifute. Kupitia hiyo mara nyingi unaweza kubadilisha nywila.

## Bando na mtandao

7. Nimewasha kila kitu lakini picha haziendi.

Swichi nyingi hizi zimewekwa tangu mwanzo zisubiri Wi-Fi. Aliyepanga hivyo alimfikiria mtu mwenye Wi-Fi nyumbani. Mteja wangu wa Chamwino hajawahi kuunganisha simu yake na Wi-Fi hata siku moja, kwa hiyo picha zake zilisubiri miaka miwili.

Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi ya Google Photos, ruhusu itumie data ya simu, na uweke ukomo wa kila siku ili isimalize bando. WhatsApp nayo ina mahali pa kuchagua Wi-Fi pekee, au Wi-Fi na data. Ukiazima mtandao kwa hotspoti ya mwenzako, simu huweza kutambua kuwa ni bando na kuendelea kusubiri. Fungua mipangilio ya mtandao huo, useme hauna kipimo.

8. Itakula bando kiasi gani?

Picha moja ya simu ya kawaida huwa MB 3 au 4, kwa hiyo picha 300 ni kama GB 1. Video ya dakika moja inaweza kufika MB 100 na zaidi. Safari ya kwanza ndiyo nzito. Baada ya hapo vinakwenda vipya tu. Mwenye nafasi ya Wi-Fi ya chuo au ofisini apeleke mzigo wa kwanza huko, simu ikiwa kwenye chaji. Wengine wanunue bando la usiku, waache simu ifanye kazi wamelala.

9. Naweza kuhifadhi bila intaneti kabisa?

Unaweza, na ukiniuliza, kila mtu afanye hivi pamoja na ile ya mtandaoni. Njia rahisi ni flashi ya OTG, ile yenye kichwa kinachoingia kwenye sehemu ya kuchajia. Chomeka, fungua programu ya mafaili, chagua folda za picha, sauti na nyaraka, *nakili* kwenda flashi. Usitumie kuhamisha, kwa sababu ukihamisha unabaki na nakala moja tu. Faili likizidi GB 4 na flashi ikagoma, huenda imefomatiwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32. Ifomati kwa exFAT, ila kumbuka kufomati kunafuta vilivyomo.

Kuhusu memori kadi, mbili tu. Kadi ikiendelea kukaa ndani ya simu, itaibwa na simu. Tena zipo kadi bandia zilizoandikwa ukubwa mkubwa kuliko zilivyo: zinapokea mafaili, majina yanaonekana, lakini ndani hayafunguki. Ukinunua kadi au flashi, ijaze kwanza mafaili yasiyo na thamani, kisha fungua ya mwisho kabisa uone.

Flashi ikishajaa iweke nyumba nyingine, kwa mama au kwa ndugu. Mwizi au moto ukiingia kwako usikute vyote.

## WhatsApp

10. Nikinunua simu nyingine, chati zitarudi?

Zitarudi ukiwa na vitu viwili: namba ileile na akaunti ileile ya Google iliyohifadhi nakala. Kimoja kikikosekana, nakala haionekani. Kwenye Android fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, uangalie tarehe ya nakala ya mwisho. Ikiwa ni ya mwaka jana, chati utakazopata ni za mwaka jana.

Simu zote mbili zikiwa mkononi kuna njia nzuri zaidi isiyokula bando. Kwenye simu ya zamani chagua kuhamisha gumzo, halafu elekeza kamera yake kwenye msimbo wa QR unaotokea kwenye simu mpya. Zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, mradi Wi-Fi imewashwa na ziko karibu.

Ukitoka Android kwenda iPhone au kinyume chake, usitegemee nakala ya mtandaoni. Moja iko Google, nyingine iCloud, na hazisomani. Tumia kuhamisha, mapema, kabla hujaanza kutumia WhatsApp kwenye simu mpya.

11. Sikuwahi kuunganisha Google. Kuna namna?

Kwenye Android, ipo. WhatsApp huandika nakala ndani ya simu kila usiku, na huweka za siku saba hivi za karibuni. Fungua folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Nakili folda yote ya WhatsApp iliyo humo kwenda flashi. Kwenye simu mpya irudishe mahali palepale kabla ya kuingiza namba yako.

12. Natumia GB WhatsApp.

Hiyo si programu ya WhatsApp wenyewe. Haina njia rasmi ya kuhifadhi Google, na akaunti yako inaweza kufungiwa. Nakili folda yake, weka mahali salama, kisha rudi kwenye programu halisi. Huenda chati nyingine zisikubali kuhama, na ni bora ulijue hilo sasa.

13. Inanidai nywila ya nakala, tofauti na ya Google.

Uliwasha ufungaji wa nakala mwanzo hadi mwisho. Ni ulinzi mzuri, lakini ukiisahau nywila hiyo na simu ya zamani haipo, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Kama simu ya zamani bado unayo, badilisha nywila kutoka humo.

## Fedha

14. Simu imepotea na M-Pesa yangu ilikuwa na hela. Imekwenda?

Hela haiko ndani ya simu. Salio la M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa liko kwenye mitambo ya kampuni, limefungwa kwenye namba yako. Pigia huduma kwa wateja wafunge laini haraka, kisha nenda na namba yako ya NIDA, weka alama ya kidole, upewe laini mpya. Meseji za miamala ndizo zinazoweza kupotea. Kama unazitumia kama risiti, hakikisha swichi ya kwanza ya swali la 2 imewashwa.

Andika pia namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe. Bonyeza *#06# itokee, nakili kwenye karatasi ileile ya nywila. Polisi wataihitaji.

15. Programu inayonipa tarakimu sita za kuingilia akaunti je?

Ukipoteza simu bila kuihifadhi, unafungiwa nje ya akaunti zako. Google Authenticator tangu mwaka 2023 inaweza kuhifadhi kwenye akaunti yako ukiruhusu. Chapisha pia namba za dharura ambazo akaunti hukupa. Na tarakimu zozote zinazokuja kwa meseji, usimtajie mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa jina la kampuni.

## Mambo magumu

16. Nipeleke simu kwa fundi. Nifanye nini kwanza?

Ikiwa inawaka, hifadhi kabla hujatoka nyumbani. Mwambie fundi kwa maneno ya wazi: usiiflashi mpaka uniulize. Kuflashi, yaani kuweka upya mfumo wa simu, kunafuta kila kitu, na simu za siku hizi hufunga vilivyomo kwa siri, kwa hiyo vikishafutwa hivyo havirudishwi. Kubadilisha kioo, betri au sehemu ya kuchajia hakuhitaji kufuta chochote. Hata namba ya siri ya kioo huhitajika dakika chache tu za kujaribu. Kaa hapo uiingize mwenyewe.

17. Kioo kimekufa lakini simu inalia ikipigiwa.

Vitu vyako vizima. Kama picha inaonekana ila kugusa kumekufa, chomeka panya wa kompyuta kwa waya wa OTG, utaona mshale, ingiza namba ya siri na uhifadhi. Kama picha haionekani kabisa, mwombe fundi aunganishe kioo cha majaribio kwa muda. Simu isiyowaka kabisa inabidi ubao wake wa saketi ufufuliwe kwanza. Kuhamisha kipande cha kumbukumbu (memori ya ndani) kwenda ubao mwingine hakusaidii kwenye simu nyingi za sasa.

18. Nilifuta picha kwenye simu ili kupunguza, na kule zimefutika.

Ukifutia ndani ya Google Photos, zinafutika pande zote. Angalia pipa la taka. Zilizokuwa zimehifadhiwa hukaa humo siku 60. Wakati mwingine tumia sehemu ya kuongeza nafasi, inayoondoa zile tu ambazo tayari ziko salama kule.

19. Simu yangu ya zamani iko kabatini. Nakala yake inanisubiri?

Haisubiri milele. Nakala ya simu ya Android isiyotumika inaweza kufutwa baada ya siku 57. Akaunti ya Google isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa yote, pamoja na picha. Ingia angalau mara moja kila miezi michache.

20. Nitajuaje nakala yangu inafanya kazi?

Ifungue kwenye chombo kingine. Azima kompyuta ya mtu unayemwamini, ingia photos.google.com kwa akaunti yako, tafuta picha ya wiki hii, cheza video moja hadi mwisho, kisha toka. Kama huwezi kuingia bila simu yako kukusaidia, rudi swali la 6.

21. Mimi ni katibu wa kikoba, vitabu vyote nimevipiga picha.

Usiviweke kwenye akaunti yako binafsi pekee. Fungua akaunti ya kikundi, nywila ijulikane na watu wawili wa uongozi, na kila mwisho wa mwezi mweka hazina awe na flashi. Nilimwona katibu mmoja akihesabu hisa za wanachama thelathini kwa kumbukumbu ya kichwa, kinamama wamemzunguka, kila mmoja na jumla yake. Alikuwa mwaminifu, na bado aliondoka pale analia. Kama mmepiga picha vitambulisho vya wanachama, kumbukeni kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Visitumwe ovyo kwenye magrupu.

22. Baba amefariki, simu ina namba ya siri. Picha zake tutazipataje?

Poleni sana. Msijaribu namba ovyo, na msikubali iflashiwe. Toeni memori kadi kama ipo, isomwe kwenye kompyuta. Ikiwa haikuunganishwa kama kumbukumbu ya ndani, itafunguka. Angalieni kama aliingia kwenye akaunti yake kwenye kompyuta ya nyumbani au ya kazini. Laini yake iachwe hai, kwa sababu ndiyo inayopokea meseji za kurejesha akaunti. Google wana utaratibu wa maombi ya familia ya marehemu. Huhitaji nyaraka, huchukua muda, na uamuzi ni wao.

Kwa walio hai, akaunti ya Google ina sehemu ya kupanga nini kifanyike ikikaa bila kutumika. Unachagua miezi 3, 6, 12 au 18, kisha unataja watu hadi 10 watakaojulishwa na vitu gani wapewe. Mzee akija mezani na mtoto wake, tunaijaza palepale. Mtoto anasoma kwa sauti, mzee anachagua majina.